Kosa la Mgeni Halitajwi

Kazi ya mume wangu ilikuwa kuomba radhi. Najua inasikika kama mzaha, lakini kwa miaka mingi ndivyo tulivyokula. Alikuwa mwongozaji wa wageni wanaokuja kuwinda, upande ule wa nje ya mbuga ambako serikali imeruhusu, na mimi nilikuwa mpishi wa kambi hiyo hiyo. Nyumba yetu ilikuwa Kasese, kwenye divisheni ya Nyamwamba. Yeye ni Mkonzo wa Nyakiyumbu, kijiji cha karibu na mpaka wa Kongo, mtu wa maneno machache. Mimi baba yangu alitoka Kenya kuja kufanya kazi kwenye kiwanda cha saruji, tukazaliwa huku, akatuachia Kiswahili na mdomo mkali. Kiswahili nimewagawia watoto wangu, mdomo nimebaki nao mwenyewe.

Kazi ile ilikuwa na sheria nyingi zilizoandikwa, na moja isiyoandikwa ambayo ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote: kosa la mgeni halitajwi mbele ya mgeni. Mgeni akipiga swala akamkosa kwa umbali wa kutupa jiwe, mwongozaji anasema upepo ulikuwa mbaya, nilikuweka mahali pabaya. Mgeni akiangusha jike wakati ameonyeshwa dume, mwongozaji anashika kichwa na kusema nilielekeza vibaya, bwana, nisamehe. Mgeni akitetemeka, mwongozaji anapiga risasi yake sekunde ile ile, kisha anamshika mkono na kumpongeza kwa shabaha. Kila mtu kambini anajua ni risasi ya nani iliyoua. Tunapiga makofi, napika.

Mwanzoni niliona ni unafiki mtupu. Nikamwambia, "Wewe mwanaume mzima unapaka watu mafuta kila siku, huchoki?" Akanijibu taratibu, kama alivyo, "Mama watoto, mutu akiwa na bunduki na aibu pamoja, hiyo ni hatari. Mimi naondoa aibu kwanza." Kwa hapo alikuwa na akili. Mgeni mwenye aibu hufanya haraka, na mwenye haraka huua asichokusudia. Basi nikazoea. Mwishowe nikawa nacheka.

Aliyecheka zaidi yangu alikuwa mtafuta nyayo wetu. Alikuwa Mkongomani wa kutoka Butembo, yeye na mkewe walikimbia vita wakaishia Bwera, mji wa mpakani, na yeye na mume wangu walifanya kazi pamoja muda mrefu kiasi kwamba walitembea porini bila kusemezana. Mkatoliki wa rozari shingoni, mwembamba, na utani haumwishi. Kila waliporudi na mgeni aliyeharibu, alipita jikoni kwangu kuchukua chai na kumwita mume wangu kwa sauti, kwa neno la kwao la kumwita bosi, "Chef! Leo tena ni kosa yako?" Mume wangu alijibu, "Leo tena." Nao waliangua kicheko, na mgeni kule mezani alitabasamu bila kujua anachekewa nini. Huo ndio ulikuwa mchezo wao.

Mgeni wa siku ile hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili mapema kwa sababu ningependa sana awe mbaya, ingenirahisishia maisha. Alikuwa daktari wa meno aliyestaafu, mtu wa kushukuru kwa kila sahani, na alinionyesha picha za wajukuu wake kwenye simu huku ananitajia kila mmoja. Asubuhi walitoka mapema kumtafuta nyati. Walikuwa wanne: mume wangu, mtafuta nyayo, mgeni, na askari wa wanyamapori, maana bila askari hairuhusiwi kuwinda.

Mgeni alipiga kabla hajaambiwa apige. Nyati akapata risasi ya tumbo, akaingia kichakani. Hapo ndipo hatari ya kazi ile ilipo, kwa sababu nyati aliyejeruhiwa haachwi. Mwongozaji lazima amfuate ammalize, hata kama ni kwa gharama ya ngozi yake. Na mgeni, kwa desturi, habebi bunduki yenye risasi ndani wakati huo. Ama anabaki garini, ama anakuja nyuma kabisa na bunduki tupu. Mgeni yule aliomba aende. Mume wangu akamwambia atoe risasi zote, akamtazama anazitoa, akaziona zinaingia mfukoni. Wakaingia kichakani. Askari alitangulia kwa upande, mtafuta nyayo akainama kwenye damu, mume wangu nyuma yake, mgeni mwisho.

Huko ndani, mgeni alirudisha risasi moja kwenye bunduki. Alikuja kulisema mwenyewe baadaye, bila kuficha: alijiona kama yuko uchi. Hakumwambia mtu. Na aliyetoka hata hakuwa nyati. Alikuwa ngiri, nguruwe pori wa kawaida, alikurupuka miguuni mwa mtafuta nyayo akakimbia zake. Mgeni akafyatua.

Kambini nilisikia mlio wa pili, mmoja tu, nikajua nyati amemalizika, nikaweka maji ya chai jikoni. Kisha gari likaja kwa kasi isiyo ya kawaida, askari ndiye aliyeshika usukani. Mtafuta nyayo alikuwa amelazwa nyuma, risasi imempata pajani juu, karibu na nyonga, na mume wangu amemkandamiza kwa mikono yote miwili, shati lake limelowa. Walisimama kuchukua vitambaa na kunichukua mimi nishike kichwa. Mgeni alishuka akapiga magoti pale mavumbini. Alikuwa analia, anasema kwa Kiingereza, nimefanya nini, nimefanya nini.

Na mume wangu, mikono ikiwa pale kwenye damu, akamgeukia akamwambia kwa ile sauti yake ya kila siku, "Usijilaumu, bwana. Kosa ni langu. Nilipaswa kuangalia bunduki yako."

Nilimsikia. Askari, ambaye alikuwa mbele na hakuona chochote kilichotokea kichakani, alimsikia. Na mtafuta nyayo pia alisikia, kwa sababu alifumbua macho, akamtazama mume wangu, akasema polepole, "Chef. Leo tena ni kosa yako?"

Mpaka leo hatujui kama alikuwa anatania au anauliza. Mimi nasema alikuwa anatania. Nilikuwa nimeshika kichwa chake, niliuona mdomo. Mume wangu anasema alikuwa anauliza, na kwamba yeye hakumjibu. Mtafuta nyayo alikata roho kabla hatujaiona Kasese, mahali ambapo barabara inanyooka na mtu anaanza kuamini kwamba atafika.

Polisi walikuja kambini siku hiyo hiyo, nami nimesharudi. Mgeni alikuwa amekaa jikoni kwangu, kwenye kigoda, ameshika kikombe ambacho hakukinywa. Aliulizwa, akajibu yote. Ndiyo, bunduki ni yangu. Ndiyo, nilirudisha risasi. Lakini mwongozaji mwenyewe amesema kosa ni lake, alipaswa kuiangalia bunduki yangu tena, mimi ni mgeni, sijui taratibu za huku. Aliyasema kwa moyo safi. Nilimkodolea macho nikitafuta uongo usoni pake, sikuuona. Alikuwa ameambiwa hivyo na mtu anayemwamini, siku mbaya kuliko zote za maisha yake, na alilishika neno hilo kama mgonjwa anavyoshika dawa.

Nikamwambia ofisa, "Afande, hiyo ni desturi ya kazi. Huwa wanasema hivyo kwa kila mgeni. Si kweli."

Akanitazama. "Mama, wewe ulikuwa huko kichakani?"

"Hapana."

"Basi nyamaza. Bwana yako amesema mwenyewe, na askari amesikia."

Kabla hajaondoka, mgeni alinishika mikono yote miwili. Machozi yanamtoka. Akaniambia mume wangu ni mtu mwema na nisiwe mkali kwake, mtu yeyote anaweza kukosea. Nilikuwa na mfuniko wa sufuria karibu. Namshukuru Mungu kwamba nilikuwa nimeshikwa mikono.

Yeye alipanda ndege. Mume wangu aliwekwa ndani Kasese. Nilimpelekea chakula kituoni kila siku, na kila siku nilimwambia neno moja: futa uliyosema. Waambie ilikuwa adabu tu. Waambie ulimwona akitoa risasi, na akarudisha kwa siri.

"Nimeshasema," akanijibu.

"Sema tena, vingine. Mdomo hauna kufuli."

"Mimi niliangalia mara moja. Kama ningegeuka mara ya pili, ningeona."

"Na yeye kama asingerudisha risasi, ungeona nini?"

Akarudi kwenye chakula. Nikadhani nimemshinda, nikafurahi kijinga. Kumbe alikuwa anajipima. Kesho yake alinieleza kwamba kazi ya kuangalia bunduki kweli ni ya mwongozaji, imeandikwa, na kwamba pengine siku zote zile aliposema kosa ni langu, kosa lilikuwa lake kweli, ila hakujua. Mtu niliyeolewa naye alikuwa anahama mbele ya macho yangu, na sikuwa na pa kumshikia.

Walimtoa baadaye. Faili likawekwa, sijui wapi, hakuna aliyelifungua tena. Lakini leseni ilichukuliwa, na kampuni ikasema haimjui, na pale Nyamwamba watu wakawa wananyamaza tukipita. Mtoto wetu mkubwa alirudi kutoka shule akaniuliza ni kweli baba aliua mtu. Nikamwambia si kweli. Mume wangu alikuwa ameketi hapo hapo mlangoni, akasema, "Ni kweli." Hapo nilikata tamaa.

Tukahamia kwao Nyakiyumbu, kwenye shamba la kahawa la baba yake. Alilima vizuri, alikula, alisali. Mtu asiyemjua angemwona mzima. Ila siku za soko alibeba gunia lake mpaka soko la Bwera, na badala ya kupita njia ya mkato kama wengine, alipita mahali anapouza maharagwe mjane wa yule mtafuta nyayo. Alisimama mbele yake akamwamkia. Yule mama hakuitikia. Alianza kumtukana kwa sauti, kwa Kiswahili chao cha Kongo, muuaji, mutu mubaya, umenikulia bwana yangu, na soko zima linasikiliza. Mume wangu alisimama mpaka amalize, kisha akabeba gunia akaenda. Siku ya soko iliyofuata, tena.

Nilivumilia nikashindwa. Nikaona kama nimeshindwa kwa polisi, kwa kampuni na kwa mume wangu mwenyewe, angalau mtu mmoja ajue ukweli, na mtu huyo awe yeye. Akijua yeye, ataacha. Akiacha yeye, labda na mume wangu ataacha. Hilo ndilo lililokuwa limebaki mkononi mwangu, nami nikalibeba mpaka Bwera.

Nilimkuta nyumbani kwake anachambua maharagwe uani. Alinipa kiti. Alinipa hata maji. Nikamweleza yote, tangu risasi iliyorudishwa kwa siri mpaka ile desturi ya kutomtaja mgeni. Nikamwambia, "Dada, yale maneno aliyosema yalikuwa adabu ya kazi. Mwenye kosa ni yule mzungu."

Hakuacha kuchambua. "Minajua."

Nikafikiri sikusikia vizuri. "Unajua nini?"

"Ile adabu yao. Bwana yangu alikuwa anafika hapa anatuonyesha. Anafanya kama muzungu, kisha anafanya kama bwana yako. Tulikuwa tunacheka mupaka batoto banalia." Akatupa kokoto pembeni. "Minajua haiko kosa yake. Tangu siku ya kwanza minajua."

Nilisimama. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawa moto. Nikamuuliza, kama unajua, kwa nini unamwaibisha mume wangu mbele ya watu kila siku ya soko?

Ndipo akaniangalia. Hakuwa na hasira hata kidogo.

"Ile muzungu iko wapi, dada? Nitamutukana wapi? Hata sura yake siijue. Kama haiko bwana yako, basi hakuna mutu. Bwana yangu alikufa bure, kwa nguruwe, na hakuna mutu." Akafuta mikono kwenye kitenge. "Bwana yako anakuja, namutukana, anasimama. Kisha nafika nyumba napika. Siku hajakuja, sipiki. Uniachie huyu, nakuomba. Usimuambie kama minajua."

Nilikuwa nimekuja na maneno mengi. Nilikaa tena kwenye kiti, nikavuta ungo, tukachambua maharagwe mpaka yakaisha, kisha nikarudi Nyakiyumbu.

Sikumwambia mume wangu. Siku ya soko ilipofika aliamka, akanawa, akavaa shati safi kama mtu anayekwenda kanisani. Gunia lilikuwa zito. Nikamsaidia kulipandisha begani, nikamwambia awahi, jua lisije likamkuta njiani.