Hodi ya Nyundo

Haya niliyaona mwenyewe, tena mchana, jua likiwa utosini. Nimelelewa na misheni ya Berega, na kwa umri huu naogopa kumdanganya mtu kuliko ninavyoogopa kufa.

Zilikuwa siku za kuhamia vijiji vya Ujamaa. Sisi tulipangiwa uwanda ulio kati ya Kilosa na Mikumi. Viwanja vilikuwa vimepimwa, na kwenye changu mke wangu, mjamzito, alikwishapanda maboga. Ndipo akaja mtaalamu wa miamba na picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege. Zilionyesha mstari mwembamba ukikata uwanda. Alihofia ni ufa wa ardhi, tena ulio hai, unaoweza kutetemeka wakati wowote, ila hakujua unapita wapi hasa. Akatandaza nyaya zenye vyombo vya kusikiliza mtetemo, akaziunga kwenye mashine, akaniajiri nigonge bamba la chuma kwa nyundo kubwa ili mtetemo ushuke ardhini. Tuligonga siku nyingi bila kuupata.

"Leo mwisho," katibu wa kijiji akasema. "Kesho tunajenga. Na wewe Berega, piga! Au uji wa misheni umekuisha tumboni?"

Nikainua nyundo. Mbele yangu alikuwa amesimama bibi mmoja, kajifunga kaniki.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kutwa mnagonga, hodi hamsemi. Mmelelewa wapi?"

Nikacheka, nikaiweka nyundo begani. "Hodi!"

Niamini, ardhi ikajibu. Mapigo matatu, taratibu, yalipanda kutoka kwenye nyayo hadi magotini.

"Nani kapiga?" mtaalamu akafoka, macho kwenye mashine. "Si nimesema msubiri?"

Nani apige, nami nyundo ninayo begani? Bibi akaenda zake, na pale kwenye tambarare akaanza kuzama kama mtu ashukaye ngazi: magoti, kiuno, mabega, kilemba. Nikakimbilia pale. Hata jani la nyasi halikuwa limepinda.

Nikamsihi mtaalamu ahamishie nyaya pale. Nilipopiga, alitazama mashine, akavua kofia. Mashine ilionyesha kuwa chini yetu ardhi imekatika, upande mmoja umedidimia, na ufa unaelekea moja kwa moja kwenye maboga ya mke wangu. Katibu hakubisha. Tukajenga mbali, mwinukoni.

Miaka ikapita, uwanda ukatetemeka, ukapasuka pale pale. Hatukuzika mtu.

Bibi yule alikuwa nani? Namwuliza Mungu kila nipigapo magoti. Hajanijibu, nami sina haraka. Ila wewe, ukionyeshwa uwanda mzuri usio na mwenyewe, usikimbilie kuchimba msingi. Uliza kwanza kwa nini waliotutangulia waliuacha mtupu.