Kicheko Kilichomfunga Chebet Mdomo

Nakumbuka asubuhi moja kule Rongai, mwanangu, kwenye stoo ya mahindi nilikokuwa nikipanga magunia, nikiwa kijana wa miaka ishirini na miwili. Kazi ile ilivunja mgongo, lakini niliipenda kwa sababu tulicheka kutwa nzima. Na mchekeshaji mkuu nilikuwa mimi. Usinione hivi na fimbo yangu.

Tulikuwa na binti mmoja, Chebet, aliyeshona midomo ya magunia. Kwa lafudhi ya kwao, gunia aliliita "kunia". Wewe Kiswahili unakijua, sina haja ya kukueleza. Kila akilitamka nilishika tumbo na kumuuliza, "Dada, choo si kiko nje?" Stoo yote ilicheka, naye alitabasamu kidogo. Baada ya wiki chache akaacha kulitaja, akawa anaonyesha kwa kidole tu. Saa nne ya chai alikaa peke yake. Mimi nikadhani ana maringo.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeinama nikifunga kamba, na rundo la magunia nyuma yangu likaanza kulala upande. Chebet aliliona. Alifungua mdomo, akasita, akitafuta neno lingine. Alipopata kusema "Toka!", gunia la kilo tisini lilikuwa limeshanivunja mguu.

Mama Nafula, msimamizi wetu, alikuja kuniona hospitali na chupa ya uji. Alinimiminia kikombe, akangoja ninywe, kisha akasema polepole, "Nimemuuliza mbona hakupiga kelele. Anasema aliogopa utamcheka. Sasa ameandika barua ya kuacha kazi. Ulimnyang'anya mdomo, kijana wangu."

Niliona aibu, mwanangu. Hata sasa nikikusimulia naiona.

Nilimsihi Mama Nafula aizuie barua hiyo siku chache. Nikaenda stoo na magongo yangu saa ya chai, nikamwomba Chebet msamaha mbele ya wote. Halafu nikaitoa lafudhi ya kwetu Bungoma, ile inayogeuza "v" kuwa "f", niliyokuwa nikiificha miaka yote: "Taktari amesema nisifae fiatu." Chebet ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta machozi. "Kumbe hata wewe," akasema. Barua akaiomba kwa Mama Nafula, akaichana. Tangu hapo akiita "Kunia!" tulicheka naye, na yeye alitushinda sote.

Nasikia huko kazini kwenu Nakuru mnataniana kwenye grupu ya simu. Taniani tu, kazi bila kicheko huchosha mara mbili. Ila mtazame yule anayechekwa. Akianza kunyamaza, acha hapo hapo, ukamwombe radhi. Na ukitaka kuchekesha, anza kujicheka wewe.

Mungu akupe kazi ya kukulisha na wenzako wa kucheka nao. Na siku rundo likilala upande wako, awepo mtu asiyeogopa kukuita.