Mikono Yote ya Kushoto

Kila asubuhi, kabla mafundi hawajaingia, Bakar hupita kwenye vyerehani na kuzungusha gurudumu la kila kimoja kwa kiganja, akisikiliza. Kikikwaruza, hukitia mafuta. Asubuhi hiyo vyote vilizunguka vizuri.

Ulikuwa mwisho wa mwaka 1970, na kiwanda cha ushoni pale Malindi, Unguja, kilikuwa kinashona mashati ya wanafunzi wa halaiki, watakaocheza uwanjani kwenye sherehe za Mapinduzi za Januari. Bakar, aliyerudi kutoka kozini Dar es Salaam, ndiye aliyeishawishi ofisi iache ushoni wa zamani, fundi mmoja shati zima. Sasa kazi ilikwenda kwa mstari: mmoja akata, wa pili aunga mabega, wa tatu atia mikono, wa nne vifungo. Kichwani mwa mstari, kwenye kukata, alimweka Bi Kazija, aliyewafundisha kushona karibu wote mle ndani, Bakar mwenyewe akiwemo.

Mashati yalitakiwa keshokutwa. Bwana Jaku wa ofisini alikwisha kusema: yakichelewa, kama si uzembe basi ni hujuma. Na siku hizo aliyeitwa mhujumu hakuulizwa mara mbili.

Mafundi walipokwisha kuingia, Bakar, mwembamba kama mwanafunzi, akalivaa shati moja lililokamilika. Mkono wa kulia ukamvuta kwapani, bega likapinda. Akavaa la pili. Vilevile.

"Silima!" alimwita fundi wa kutia mikono.

"Naam."

"Hii mikono yote ya kushoto!"

"Nshaona tangu jana, bwana."

"Na ukaitia?"

"Sasa ulitaka nikamwambie Bi Kazija hajui kukata? Kamwambie wewe, mwenye cheti!"

Mafundi wakacheka, kisha wakainamia vyerehani vyao. Bi Kazija alikuwa anapanda ngazi.

Bakar akakitazama kitambaa mezani, akaelewa. Miaka yote Bi Kazija alikunja drili, hicho kitambaa kigumu cha mashati, katikati, mkono wa kulia na wa kushoto ikatoka pamoja. Mstari ulitaka kitambaa kitandazwe tabaka juu ya tabaka, uso wa kitambaa juu, na kigezo, ile karatasi ya kukatia, kigeuzwe kwa mkono wa pili. La kutandaza Bakar alimweleza. La kugeuza aliliacha. Aliona haya kumsomesha mwalimu wake. Drili ya akiba ilitosha mikono mipya, lakini ikikatwa vibaya nayo, hakuna nyingine.

"Shikamoo, Bi Kazija," walimwamkia.

"Marahaba, wanangu. Mbona mmenuna kama mliofiwa?"

Akaivuta ile drili ya akiba, akaitandaza, akakilaza kigezo kama alivyokilaza jana.

Mwanakheir, msichana wa vifungo, ambaye tangu aajiriwe hakuwahi kusema zaidi ya salamu, akamsogelea Bakar.

"Kaka Bakar, nani atamwambia?"

Mkasi ulishafunguliwa. Bakar akaisogelea meza.

"Mimi," alisema. "Wewe njoo usimame karibu nami."