Ng'ombe wa Nyumba ya Baharini

Kengele zilianza kusikika upande wa chini, nyuma ya mahindi, kabla hatujaona pembe hata moja. Kwanza moja nzito, ya ng'ombe anayetangulia. Kisha nyingine nyepesi, zikipishana, na katikati yake mluzi wa mchungaji. Nilikuwa nje nikisugua sufuria kwa majivu. Bibi, aliyekuwa akipepeta ulezi, aliushika ungo hewani akasikiliza.

"Hao si wa hapa Turwa," alisema. "Hao wamenunuliwa mnadani, Kisaka."

Ndani ya nyumba, mama alikuwa akipanga nguo zetu kwenye begi huku akiimba. Wimbo ukakatika. Alijua, kama sisi sote tulivyojua, kwamba ng'ombe hao walikuwa mahari yake inarudi.

Sikuwa na baba, na sikuwahi kuona kwamba nimepungukiwa. Bibi alizaa mabinti watupu, mumewe akafa, na kwa Wakurya nyumba isiyo na mtoto wa kiume haiachwi izimike. Ng'ombe walioletwa kuwa mahari ya mabinti zake ndio aliomwolea mama yangu. Tunaiita nyumba ntobhu: mwanamke anamwoa mwanamke mwenzake ili azaliwe mtu wa kurithi boma. Mama alimwita bibi "mama", akamlimia, akampikia, akanizaa mimi. Mwanamume aliyenizaa hakuwa na cheo chochote kwetu. Alikuja, akala, akaondoka. Nyumbani tulimwita Mgeni, nami nilimwamkia shikamoo kama ninavyomwamkia mgeni yeyote.

Bibi alitaka mvulana, akapata mimi. "Haidhuru," aliwaambia waliomcheka. "Huyu naye ataoa, kama nilivyooa mimi."

Kisha ikaja dhahabu. Vijana waliacha majembe wakaenda kwenye maduara, yale mashimo membamba ya wachimbaji, na Mgeni akaenda nao. Wengi walirudi na kikohozi. Wengine duara liliwafukia, na matanga yao yalifanyika bila maiti. Yeye alipata. Hatukujua amepata kiasi gani mpaka siku alipokuja na gari, akaketi kwenye kigoda, akatoa simu na kutuonyesha nyumba aliyonunua Dar es Salaam, ufukweni, ndani ya mtaa wenye ukuta na geti.

"Mbona mbali hivyo?" bibi aliuliza.

"Nimekaa sana chini ya ardhi, mama. Nataka mahali ambapo nikifungua macho sioni shimo."

Hakuna aliyecheka. Lakini picha zilipoanza kupita mkono kwa mkono, majirani wakiwa wamejaa uani, bibi alirudiwa na ulimi wake.

"Nyumba hii mbona haina ukuta upande huu?"

"Huo ni ukuta wa kioo, mama. Unaiona bahari ukiwa kitandani."

"Na bahari nayo inaniona mimi nikiwa kitandani?"

Uani kukavuma kicheko. Jirani yetu aliyefanya biashara ya mitumba Sirari, na aliyeongea kama watu wa ng'ambo ya mpaka, Kenya, alipiga makofi. "Aki hiyo nyumba ni noma! Mtakula samaki mpaka muote magamba."

"Ng'ombe wanalala wapi?" bibi aliendelea.

"Hawaruhusiwi. Kuna kamati ya wakazi. Kuku pia hapana, na nguo haianikwi nje."

"Mgeni akija?"

"Mlinzi anapiga simu kwanza, anauliza kama unamtaka."

Bibi alimrudishia simu. "Basi, mwanangu, hiyo nyumba hujainunua. Umepanga."

Mgeni alicheka na wengine, ila niliona amevuta pumzi. Alikuwa amesubiri mtu amsifu.

Mama alikwenda kuiona. Bibi alimruhusu, akamfungashia karanga za njiani. Aliporudi alikuwa na mchanga mweupe ndani ya viatu, na jioni, tukipukuchua mahindi jikoni, alinisimulia yote kwa sauti ya chini. Alisema sakafu inang'aa mpaka unaona aibu kuikanyaga. Alisema majirani wanapungiana mikono kupitia ua wa michongoma na hawajuani majina. Kuna bwawa la kuogelea hatua chache kutoka baharini. "Maji kando ya maji," alisema. "Nikamwuliza, haya ya baharini yana kosa gani?" Tukacheka. Kisha akaacha kupukuchua.

"Kuna chumba chako. Nililala humo siku moja ili nijue utakavyolala. Asubuhi jua likipiga baharini, mwanga wa mawimbi unapanda ukutani mpaka kwenye dari. Dari lote linatembea, mwanangu."

Tangu hapo nilikuwa nikilala nikitazama mabati yetu meusi kwa moshi, nikingoja yatembee.

Kwetu sheria inajulikana na kila mtoto. Mke akiondoka, mahari inarudi. Lakini kama amezaa, ng'ombe wachache hubaki kwa wazazi wake bila kudaiwa, kwa ajili ya mtoto aliyezaliwa. Hao waliobaki ndio mtoto mwenyewe. Wakirudi wote, mtoto naye anaondoka na mama yake. Siku ile ya kengele Mgeni, aliyekuja kutuchukua mimi na mama, alikuwa amewaleta wote, na juu yao akaongeza madume na mitamba walionona, kundi ambalo liliziba njia. Alisimama kando ya gari lake katika shati jeupe, akitabasamu. Alidhani wingi utamlainisha bibi.

Wazee wa ukoo waliketi kwenye kivuli cha ghala. Bibi aliingia katikati ya kundi na fimbo yake. Alimshika huyu nundu, akampapasa yule kiwele, bila haraka, kama yuko mnadani. Kisha akaanza kuwatenga. Wale walioongezwa, wote, aliwaswaga nje ya boma. Halafu akawageukia wale wa mahari na kutoa wachache zaidi, akiwemo mtamba mwekundu ambaye hata mimi nilimpenda.

"Hawa sipokei," alisema.

"Mama," mzee mmoja alimwambia, "ng'ombe hawa wote ni wako. Kijana amefanya heshima."

"Nikiwapokea wote, mtoto huyu hajazaliwa hapa."

"Atasoma shule nzuri, mama!" Mgeni alisema. "Atakaa pazuri! Utakuja kumwona wakati wowote."

"Na mlinzi akiuliza kama mnanitaka?"

Bibi aliegemea fimbo, na aliposema tena sauti yake haikuwa na utani.

"Ungekuja mikono mitupu ukasema, mama, niazime mtoto akaione bahari, ningekupa na unga wa safari. Angekaa likizo, angekaa mwaka, nisingeuliza. Wewe umekuja kumnunua mbele ya watu. Sasa nikimtoa, nimeuza."

Nilimwona Mgeni akielewa. Mkono wake ulitafuta mlango wa gari ukashika hewa. Alitaka kusema neno, labda lile lile la kuazima, lakini wazee walikuwa wamekwisha kusikia, na neno lililosemwa mbele ya wazee halirudi tumboni.

Mama alitoka ndani akapiga magoti kwenye vumbi la kwato.

"Mama, nipe mwanangu."

"Kaa naye. Nani amekufukuza?"

"Nimechoka, mama. Nimekuwa mke kwenye nyumba isiyo na mume tangu nikiwa msichana. Nataka kumwita mtu mume wangu, basi."

"Najua," bibi alisema. "Mimi pia nilichoka." Akamwinua kwa mkono, akamkung'uta vumbi magotini.

Hakuna aliyeniuliza ninataka nini. Ningeulizwa nisingejua la kujibu. Nilitaka dari linalotembea, na nilitaka bibi awe chini yake.

Tuliingia ndani sisi watatu. Mama alifungua begi na kuanza kutoa vitu vyangu. Gauni la kanisani. Viatu vya shule. Nguo ya kuogelea ya bluu, bado ina karatasi ya bei, aliyoninunulia huko Dar na kunifanya niijaribu hapa nyumbani juu ya sketi. Kila kimoja alikilaza kitandani na kukinyoosha kwa kiganja, polepole, na nikaona kwamba anatamani vitu viwe vingi zaidi. Begi lilipobaki jepesi alilifunga. Akanishika uso kwa mikono miwili. Mikono ilinuka mafuta ya nazi, si ya kwetu.

"Nitakuja likizo," alisema.

Alikuja, kweli, miaka yote. Alipiga hodi nje na kungoja akaribishwe.

Siku ile bibi alimpa karanga tena, zimefungwa kwenye kitambaa kile kile cha mara ya kwanza. Mama alizipokea kwa mikono miwili, akakunja goti, akasema, "Asante, mama." Nje Mgeni aliwasha gari. Mama aliinama, kwa sababu kizingiti chetu cha juu kilikuwa chini, akatoka bila kugeuka. Bibi alisubiri mpaka pindo la kitenge chake lilipopita, akaunyanyua mlango kidogo usiburuze sakafu, akaufunga.