Koti Kubwa Kwenye Buti

Acheni niseme mwenyewe kabla hamjasikia kanisani. Houston joto linatuchemsha, nami nakuta koti zito la kike kwenye buti ya gari la mume wangu. Tena kubwa! Nikaelewa kwa nini anaongeza zamu hospitalini na nyama choma ameacha. Kumbe anamvisha mwanamke mnene.

Nikamwita wifi yangu kutoka Sugar Land aje aone mambo ya kaka yake na huyo mnene wake. Mume alipoingia tu, nikamrushia koti.

"La nani hili?"

"Livae."

Likanikaa sawasawa, mpaka zipu ikafunga.

"Desemba nakupeleka Ufaransa, Ubelgiji na Uholanzi," akasema. "Ndiyo maana nabana matumizi."

Wifi akaniangalia kutoka juu hadi chini. "Wifi, huyo mnene mbona tunamjua!"