Mpaka Kila Mtu Aridhike

Ningekataa siku ile waliponiambia, "Mwenyekiti, wewe umesoma, tuchagulie namna ya kuamua mambo," leo nisingekuwa na aibu ya kuwasimulia. Lakini mimi, kijana niliyetoka sekondari Korogwe juzijuzi, nilisimama nikatangaza kwamba kamati yetu ya lambo haitafanya lolote mpaka kila mtu aridhike, watu wakapiga makofi, nikavimba kichwa.

Tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa upande wa Misima, na maji, jamani, yalikuwa shida ya kumliza mtu mzima. Mke wangu Mwanaidi alitoka Bungu, huko milimani ambako mtu husikia kijito akiwa kitandani, na alishaniambia wazi: "Nitavumilia mpaka lambo lijae. Lisipojaa narudi kwetu." Basi tukalichimba kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, wakulima na wafugaji, kiangazi kizima. (Zamani kwenye msaragambo aliyepiga baragumu ndiye aliyesema fanyeni hivi, na watu wakafanya, mimi nikaona huo ni ukoloni mdogo.)

Mvua ikaja kama imetumwa. Asubuhi lambo lilikuwa limejaa hadi ukingoni, mbingu nzima imelala ndani yake, nikasimama nikitazama. Mwanaidi alikuwa kando yangu na ndoo, anacheka. Ndipo Mzee Lemburi, mfugaji, akaonyesha kwa fimbo mahali tuta lilipoanza kuvuja.

"Mwenyekiti, tukate mfereji upande ule maji yapungue. Sasa hivi."

Wanakijiji wote waliokusanyika wakakubali, isipokuwa mjomba wangu Athumani, maana upande ule ndiko lilikokuwa shamba lake la mahindi.

"Mimi sijaridhika," akasema, akaketi juu ya jiwe.

"Mjomba, tutakupa mahindi mengine!"

"Ya nani? Sijaridhika. Si ndiyo utaratibu wako, mwenyekiti?"

Ningesema "kateni" tu, wangekata, majembe yalikuwa mikononi. Lakini mimi nikaagiza meza (naam, meza!), nikaiweka juu ya tuta, nikafungua kikao. Wanawake wakapiga kelele, "Mjomba, ridhika basi!" Mzee Lemburi akatikisa kichwa. "Sisi ng'ombe akitumbukia shimoni hatuitishi kikao cha mbuzi."

Mjomba akajikuna, akayatazama maji, akasema, "Haya, nimeridhika."

Tuta likapasuka.

Wenzangu, sijaona tena kitu kama kile. Maji hayakumwagika, yalisimama, yakawa ukuta mwekundu, na mti mzima ukapita umesimama wima kama mtu anayekwenda sokoni, na ngurumo yake ilikuwa kubwa hata sikuisikia sauti yangu mwenyewe. Hakuna aliyekimbia. Tulitazama tu, vinywa wazi, kama watu walioonyeshwa jambo lisilo lao. Kisha kipande cha tuta nilichokalia nacho kikaondoka, mimi na meza yangu tukakifuata.

Walinikuta katikati ya mahindi ya mjomba (yote yamelala chini), tope kifuani, suruali imekwenda na maji, kijiji kizima kinatazama. Mzee Lemburi akanivua shingoni majani, akanifunga shuka lake kiunoni, na tangu hapo watoto wakiniona walikuwa wanaita, "Mwenyekiti, umeridhika?"

Kesho yake Mwanaidi alifunga mzigo. Nikamwambia subiri kwanza, tuzungumze.

"Tuitishe kikao?" akaniuliza, bila hasira. "Mume wangu, hili nimeridhika peke yangu." Akapanda lori la Korogwe.

Tangu siku ile sijakubali uenyekiti, hata wa kamati ya harusi. Lambo tulilijenga upya, kwa baragumu, na maji yapo. Mwanaidi aliolewa hukohuko Bungu, akazaa huko. Mimi, kwa kuogopa kusema neno moja mbele za watu, nilimpoteza mke, na sikuoa tena.