Aliyelinyamazisha Kundi la Kamba Mbili

Saa moja kasoro asubuhi mtaa wa Kimihurura bado una ubaridi, na Kabagwira ameshapanga koni zake za tahadhari kuzunguka upande mmoja wa jengo refu la vioo. Amesimama mikono nyuma, uso juu. Kwenye ukingo wa paa kofia nyekundu inachungulia, kisha inarudi ndani.

Mwenye kofia ni Umulisa, msafisha madirisha. Kabagwira, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, ni mlinzi wake wa chini. Huzuia wapita njia wasipite chini ya ndoo, huzishika ncha za kamba zisichezewe na upepo, na hamwondolei macho aliye juu mpaka viatu vyake viguse ardhi.

Simu inalia kwenye aproni. Ni picha kutoka juu: fundo la kamba mbili kwenye nguzo ya chuma, turubai iliyolazwa ukingoni ili saruji isizile kamba, na kiuno cha Umulisa chenye mikanda yake. Hashuki bado. Anangoja watu wawili walio mahali pengine mjini waitazame picha hiyo na kuandika neno moja: nimeona.

Kabagwira hawezi kuwa mmoja wao. Wa jengo moja hawathibitishiani, kwa sababu haraka yao ni moja. Basi anangoja, midomo inatembea. Ukimuuliza, atakuambia anasali.

"Zamani nilikuwa sijafika 'Amina', wameshajibu," anasema, macho yakiwa juu. "Sasa namaliza, naanza tena. Na kosa ni langu. Liandike hivyo hivyo, mwandishi."

Kamba Mbili ni kundi la WhatsApp la watu wanaofanya kazi wakining'inia: wasafisha vioo, wapaka rangi, mafundi wa mabango. Jina limetoka kwenye desturi yao ya kutoshuka kwa kamba moja. Moja humbeba mtu, ya pili hungoja ya kwanza ikatike.

Wanaongea Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha inayowakutanisha wote. Kabagwira alikulia Karagwe, Tanzania, akasoma huko mpaka darasa la saba. Wengine walikulia Uganda, wengine wametoka Bukavu, na wale wa mtaa wa Nyamirambo walikinyonya pamoja na maziwa.

Wengi wao hawajawahi kuonana ana kwa ana. "Lakini ukifiwa," anasema, "unaamka unakuta watu usiowajua wamekaa uani kwako. Mmoja anakuambia, mimi ni yule wa picha za kamba ya bluu."

Yeye mwenyewe alifiwa kabla kundi halijaanzishwa. Mumewe, fundi wa kupiga lipu, alifariki kwa ugonjwa wa ini miaka tisa iliyopita, akamwachia binti mmoja, Ihirwe. Ndiyo maana kundini anaitwa Mama Ihirwe. Kazi ya chini inamlipa faranga elfu nne kwa siku, karibu nusu ya anachopata anayeshuka kwa kamba.

Walimpa usimamizi wa kundi ingawa hata juu ya kiti anaogopa kusimama. Walimpa kwa sababu hana makelele, na kwa sababu anaona. Ndoo ikining'inia vibaya, yeye ndiye wa kwanza kuiona.

Ila kundi halikuwa la kamba peke yake. Picha zikishapata majibu yake asubuhi, yalianza mengine. Mtu akisali akiwa amening'inia mbele ya dirisha la benki, sala yake inapanda mbinguni au inaingia benki? Ugali wa muhogo na wa mahindi, upi ni chakula na upi ni adhabu? Mwanamume akifua nepi, amepungua nini?

Mutsinzi, msafisha vioo aliyekulia Uganda, alikuwa hodari wa kuwasha moto na kukaa pembeni. Sibomana, mpaka rangi wa Nyamirambo, hakuacha neno lipite. Kabagwira alikuwa akicheka peke yake chini ya majengo mpaka walinzi wa mlangoni wakaanza kumtazama kwa wasiwasi.

Asubuhi moja ubishi ulikuwa juu ya golikipa. Sibomana akatuma picha yake ya kamba katikati ya ugomvi huo, chini yake akaandika kejeli. Mutsinzi, aliyekuwa amefungua simu ili aje kumtukana, akajibu: "Mpira huujui, na kulabu yako iko wazi. Anza na kulabu."

Sibomana alijitazama kiunoni. Mlango wa kulabu ya chuma inayomshika kwenye kamba ulikuwa haujafungwa. Aliufunga, akashuka, na alipofika chini akaendelea na golikipa.

Februari ya mwaka huu Mutsinzi aliuliza swali jingine: mjane akae peke yake mpaka lini? Akamtaja Mama Ihirwe, akamwomba kama msimamizi atoe mwongozo.

Watu wakalidaka. Mmoja akampendekezea mlinzi wa usiku wa jengo fulani, kwamba angalau mshahara wake hauchelewi. Mwingine akajitolea kuwa mshenga. Yalikuwa maneno ya kucheka tu, anakiri leo, na hakuna aliyevunja heshima.

Aliyasoma kwenye uwanja wa kanisa, Jumapili, akiwa ametoka kupokea komunyo. Jambo wasilolijua ni kwamba wiki ile ile mzee mmoja wa kwaya alikuwa amemsemesha, na yeye hakusema ndiyo wala hapana.

"Nilidhani wameniona ndani," anasema. "Masikio yaliwaka moto. Niliona haya, na ile haya nikaivalisha hasira."

Jioni aliandika kwamba kuanzia siku hiyo ni picha za kamba na "nimeona" tu, kwamba mahali hapa ni pa usalama, na anayetaka gumzo atafute pengine. Wawili waliojaribu utani siku iliyofuata aliwatoa. Mutsinzi alimpigia simu kumwomba radhi. Hakupokea.

Sifa zikaja haraka. Mkuu wake wa kazi aliyasoma maneno yale mbele ya wenzake. Évode, anayesimamia kundi la wapanda minara ya simu, aliyaomba, akayabandika kwenye kundi lake bila kubadili hata nukta.

"Nilifurahi," anasema Kabagwira. "Mtu wa darasa la saba, maneno yake yananakiliwa. Nilimshukuru Mungu kwa hilo. Hebu fikiria, nilishukuru."

Hakuna aliyesusa. Watu waliacha tu kulifungua kundi. Majibu yaliyokuwa yakija papo hapo yakaanza kuchelewa, na walioko juu ya mapaa, kazi ikiwaita, wakaanza kushuka na "nimeona" moja, baadaye bila hata moja. Walipoulizwa, walisema wenzao labda wamekosa mtandao.

Mwezi Aprili, msimu wa mvua, Mutsinzi alikuwa akisafisha jengo upande wa pili wa mji. Upepo ulirusha kitambaa chake kikaingia kwenye chuma cha kushukia na kukibana. Hakuweza kupanda wala kushuka. Mlinzi wake wa chini alikuwa ametumwa kununua sabuni.

Alifanya kama walivyozoea. Alituma picha kundini na neno moja: nimekwama. Zamani ujumbe wa namna hiyo ulimfikia aliye karibu haraka kuliko kupigia mtu mmoja mmoja. Kisha simu ikamponyoka kwenye mkono wenye povu.

Mtu akining'inia kwenye mikanda bila kusogea, damu hukwama miguuni. Wanaofanya kazi hii wanaliogopa hilo sawa na kuanguka.

Mbali na hapo, kwenye aproni ya Kabagwira, simu ililia.

"Niliisikia," anasema. Anasogeza koni ambayo haikuhitaji kusogezwa. "Nikasema moyoni, ni picha ya kamba, wataiona wengine. Nilikuwa nakula chapati. Niliimaliza."

Ilipita karibu saa nzima. Mfanyakazi wa ofisi ya jengo la jirani alifungua pazia, akamwona mtu ametulia kupita kiasi kwenye kioo cha ng'ambo, akapiga kelele. Walimvuta Mutsinzi ndani kupitia dirishani. Alikuwa hai, lakini miguu haikumtii.

Alilazwa majuma kadhaa. Kabagwira alikwenda kumwona siku ya tatu, maana mbili za kwanza alifika getini akarudi. Alimkuta na Sibomana kando ya kitanda. Hakukaa. Aliwaambia akiwa amesimama kwamba alisema ni usalama, na haukuwa usalama, ilikuwa haya yake mwenyewe.

Sibomana hakumpa pole. "Mama, ulidhani tunafungua simu kuangalia kamba?" alimwambia. "Kamba ni kamba tu. Sisi tulikuwa tunakuja kuona nani amemtukana nani. Kamba tukazikuta hapo."

Mutsinzi alikuwa amegeukia ukuta. Kabagwira alingoja atukanwe; anasema hapo angalau angepumua. Badala yake kijana alisema, "Mama, nisogezee huu mguu." Akausogeza. Hakukuwa na zaidi siku hiyo.

Usiku huo aliwarudisha wale wawili aliowatoa, akaandika kwamba watu waseme wanachotaka. Kwa siku nyingi hakuna aliyesema kitu. Hata wachokozi walikuwa na adabu, na adabu ile ilimchoma kuliko utani wa mwanzo. Alijaribu yeye mwenyewe kuuliza habari ya ugali. Mmoja alimjibu, "Wote ni mzuri, Mama."

"Nilifunga mlango siku moja," anasema. "Kuufungua kunanichukua miezi."

Simu inalia tena. Mtu wa Busanza ameona. Halafu anakuja Sibomana: ameona, na anauliza turubai ile ya maua kule Kimihurura imekatwa kwenye gauni la nani. Kabagwira anacheka, midomo ikiwa imefungwa. Anainua mkono, na Umulisa anakaa ukingoni, anageuka, anaanza kushuka.

Kazi inakwisha alasiri. Kabagwira anavua aproni, anaikunja, anashika njia ya mtaa wa Gitega. Anakwenda kwa Évode, kwenye kibanda anachouzia vifaa vya simu. Ni mara ya tatu. Kamba Mbili inaanza kufumbua macho, lakini maneno yake bado yapo kwenye kundi la wapanda minara, na hayo ndiyo yanayomnyima usingizi.

Évode anampa kiti na heshima zote. Ila hakubali kuyafuta maneno yale.

"Mama Ihirwe, sheria yako ni nzuri sana," anasema. "Watu wangu wana nidhamu. Nikiruhusu porojo, kesho watatukanana, keshokutwa watagawanyika. Yaliyompata Mutsinzi yalikuwa ajali."

Kabagwira anasogeza kiti karibu naye. Anamwomba tu afungue kundi lake hapo hapo, wakiwa wote wawili.

Évode anasita, anafungua. Ni picha tupu, moja chini ya nyingine: vyuma, mikanda, anga. Ya mwisho ni ya asubuhi, kutoka kwa Johnson, aliye kwenye mnara huko kaskazini. Chini yake hamna neno. Évode anaanza kueleza kwamba kule mtandao ni dhaifu, kwamba saa zile watu huwa kazini, kwamba Johnson ni mzoefu.

"Mjibu kwanza," anasema Kabagwira. "Kubishana tutabishana baadaye."

Évode anapiga. Simu inalia muda mrefu, na katika muda huo hakuna anayemtazama mwenzake. Kisha sauti inapokea, ina chakula mdomoni. Johnson yuko chini. Alishuka zamani.

Évode anamuuliza kwa nini alipanda bila kujibiwa na mtu.

"Nimezoea, mkubwa," anasema Johnson. "Kwani siku hizi nani anajibu?"

Hasemi kwa kulalamika. Évode anamuaga, anailaza simu kwenye meza, uso chini. Kabagwira anatazama mikono yake mwenyewe kama mtu aliyesikia sauti yake ikitoka kwenye kinywa cha mtu mwingine.

Évode anasema wapanda minara wana mkutano Jumamosi. Hataifuta sheria peke yake; waliipenda, na jina lililo chini yake ni la Mama Ihirwe. Aje aseme mwenyewe.

"Yego," anajibu. "Nitakuja."

Njiani anaeleza kwamba hatakwenda peke yake. Mutsinzi, ndiye yule wa Busanza aliyejibu asubuhi, anatembea kwa fimbo sasa huko kwao, na ana matumaini ya kurudi kwenye kamba kabla ya mwaka kwisha. Aliposikia habari ya makundi mengine alisema anataka kwenda pia. Kabagwira alimkatalia. Alimwambia apumzike, barabara ni mbaya, jua ni kali. Ukweli ni kwamba alishindwa kujiona amesimama mbele ya wageni na kijana yule ubavuni mwake.

"Akaniambia, 'Mama, wakikuona wewe peke yako wataona nidhamu tena. Mimi wataniona miguu.'"

Hatua chache mbele anasema mkutano uko ghorofani, na ngazi zake hazina pa kushika.

"Nitampandisha mkono kwa mkono," anasema. "Tukifika juu nitasimama karibu naye, waniangalie."